Msingi wa Kikapu

Mpepai, Mbinga
12 Februari 2024

Umeonekana kwenye televisheni! Wewe Tadei, niliyekuzaa mimi, umesimama mbele ya nyumba uliyoichora na kuitengeneza mwenyewe, mtangazaji kakushikia kipaza sauti kama vile wewe ni mbunge, na chini yako jina limepita kwa maandishi makubwa, Tadei Emilian Kinunda. Dukani kwa Othmar watu walijaa mpaka nje. Nikawaambia sogeeni, mama mzazi apite.

Haya, sasa nikusalimu. Hujambo mwanangu? Joto la Dar es Salaam halijakumaliza? Sisi huku hatujambo. Mimi mzima kabisa. Baba yako naye mzima, ila kifua chake kile cha kila masika. Mvua ni nzuri, maharage kwenye mashimo ya ngoro yamesimama vizuri, kahawa nayo ina matumaini. Najua utauliza kwa nini sikupigi simu. Simu yangu ya tochi inakula maneno, na mambo makubwa ni ya kuandika. Barua hii Othmar anaikabidhi kwenye basi.

Sasa nikueleze aibu niliyoipata kwa ajili yako. Jumapili baada ya misa, wakati wa matangazo ya jumuiya, nilisimama nikashuhudia. Nikasema namshukuru Mungu, mwanangu Tadei ana nyumba ndogo sita Dar es Salaam, na ya saba yuko mbioni. Mwenyekiti akaangalia viatu vyake. Hedwiga, jirani yangu huyu anayejidai kwa sababu binti yake ni sista, akaniuliza taratibu, "Na mkewe anazijua zote?" Benchi lote likaanguka kwa kicheko. Mimi nikasimama pale pale nikaongeza kwamba wewe huna hata mke, ndipo wakazidi. Nimekuja kuelewa nyumbani, baba yako aliponieleza huku anajifuta machozi. Mwanangu, zitafutie nyumba hizo jina lingine. Mimi nimeishia darasa la saba lakini hilo lingeonwa na mtu.

Baba yako dukani aliangalia mpaka mwisho. Nikamwuliza, haya fundi, unasemaje? Akauliza, "Msingi uko wapi?" Nikamwambia hukusikia, hazina msingi, zinasimama kwa miguu ya chuma, mwenyewe akitaka kuhama anaifungua vipande, anapakia kwenye lori, anaondoka nayo. Akasema, "Basi hicho ni kikapu." Unamjua baba yako, nusu ya nyumba za tofali za kuchoma hapa Mpepai kajenga yeye, na hakuna hata moja iliyopata ufa. Wakati wa kurudi alisimama pale kwenye makaburi ya wazee wake, juu ya shamba, akaniuliza swali ambalo nimeshindwa kulijibu. Alisema, "Nyumba ikihama, kaburi linabaki na nani?"

Mjibu wewe uliyesoma. Na uje Pasaka, watu wanataka kukuona.

Mimi mama yako mzazi,
Lukresia


Dar es Salaam
25 Februari 2024

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Mfikishie na baba shikamoo yangu. Natumaini kifua kimetulia. Mimi sijambo, joto tumelizoea.

Barua yako nimewasomea vijana wa karakana, wamecheka hadi kazi imesimama. Sasa kila mteja akija wananiuliza, "Bosi, huyu anataka nyumba ndogo ya ngapi?" Kwa hiyo umeniharibia na huku pia.

Mweleze baba hivi. Nyumba yenyewe ni vipande vinne. Kila kipande kinatengenezwa karakanani kikakamilika, na milango na nyaya zake, kisha vinafungwa kwa boliti pale inaposimama. Ukuta ni mbao za paina, katikati tumeshindilia maganda ya mpunga yaliyotiwa chokaa, joto haliingii. Maji ya mvua yanashuka kwenye tangi, taa ni za jua. Kitanda asubuhi kinapanda ukutani na mgongo wake unakuwa meza. Mtu mmoja anaishi humo kwa heshima, wawili wakipendana.

Baba hajawahi kulala mahali ambapo si pake, ndiyo maana anaita kikapu. Huku kiwanja ni cha mtu mwingine. Unapiga rangi chumba, unaweka pazia, mwenye nyumba anapata mpangaji mwingine, unatoka na godoro kichwani. Mimi nimetoka hivyo mara nyingi, ila sikuwaambia. Nikasema, kama ardhi haiwezi kuwa yangu, basi angalau kuta ziwe zangu.

Swali lake la kaburi sina jibu. Nimelitafuta. Nitakuja Pasaka nilijibu nikiwa nimekaa naye, nitabeba na nyumba ya mfano, ile ya kuweka mezani, aifungue na kuifunga mwenyewe. Nataka asiipende mbele yangu, siyo kwa barua.

Mwanao,
Tadei


Mpepai, Mbinga
21 Aprili 2024

Mwanangu Tadei,

Hujambo? Unakula? Sisi hatujambo. Baba yako anaumwa kidogo, siyo sana. Jogoo wa Pasaka tulikusubiri naye mpaka Jumatatu, mwisho akaliwa. Ujumbe wako kwamba kuna mteja wa haraka tuliupata. Nimewaambia watu kwamba serikali imekuzuia, usije ukaniangusha.

Sikuandikii kwa ajili ya jogoo. Baba yako anajenga. Juzi nilitoka kuchuma majani ya maboga nikamkuta na kamba na vigingi pale upande wa makaburi, anavuta mstari. Nikauliza banda la nani hilo, akanijibu kwa hasira, "Andika kwa mwanao alete vipimo." Vipimo vya nini, baba Tadei? "Vya kikapu. Aje nacho, nitampa msingi. Haiwezekani mtoto wa fundi mwashi atembee nchi nzima anasimamisha nyumba kwa miguu ya kuku."

Mawe anayachagua mwenyewe kwenye korongo, moja moja, anayabeba. Akikohoa anakaa juu ya jiwe, akimaliza anainuka nalo. Nimemkataza, anasema msingi wa mwanawe haushikwi na kibarua. Basi leta vipimo haraka kabla hajabuni vya kwake. Hedwiga nimeshamwambia nyumba ya televisheni inakuja Mpepai. Amekaa kimya, na nimefurahi mno.

Mama yako,
Lukresia


Dar es Salaam
5 Mei 2024

Mama, shikamoo. Na baba shikamoo.

Nimeisoma barua yako nimesimama, kisha nikaisoma nimekaa. Mwambie upana ni mita tatu, urefu sita, kipimo cha nje. Mwambie nyumba namba saba, ile tuliyoionyesha kwenye maonyesho, siiuzi tena. Ni yenu. Nitakuja nayo kwa lori mwezi wa nane, kazi hii ya wateja ikiisha. Na mwambie apumzike, mawe yatanisubiri.

Halafu mama, nikuombe kitu. Unapoandika "anaumwa kidogo" mimi silali. Wewe ndiye uliyeniletea ujumbe shuleni Songea kwamba bibi anaumwa kidogo, nikauliza kama anaongea, mkasema amelala. Nikaja na machungwa na pakiti ya glukosi. Nikaingia uani nimeshika machungwa, wakati watu wanarudi kutoka makaburini. Najua ndivyo tunavyofanya sote, mtu aliye mbali haambiwi msiba, anaitwa tu. Lakini kuhusu baba niambie kama ilivyo.

Mwanao,
Tadei


Mpepai, Mbinga
16 Juni 2024

Mwanangu,

Hujambo? Huku ni baridi kali, asubuhi ukungu hauondoki mpaka watu wameshachoka kuungoja. Kahawa imeanza kuiva.

Msingi umekwisha. Uje uuone, umelala kama ulichorwa kwa rula. Mafundi wa Mbinga mjini wamepita hapa wakapiga pima maji yao, wakatikisa vichwa kwa kustaajabu. Kwenye kona nne amechomeka nondo ndani ya zege, akaziacha zimechomoza juu. Nikamwambia wewe unatumia boliti za kufungua. Akasema anajua, ndiyo maana ameweka nondo. "Kikija hapa hakitoki." Ni pazuri kwa kuanika kahawa, jua linapiga lote, lakini amenikataza hata punje moja. Anakaa pale mwenyewe mchana, na koti lake, anaangalia barabara.

Umeniomba nikuambie kama ilivyo. Amepungua. Ugali haumalizi, uji ndiyo unapita kidogo. Tulimpeleka hospitali, wamempiga picha ya kifua, daktari akazungumza na mimi pembeni, mimi nikamwambia mwanangu ni mtaalamu Dar es Salaam, akasema basi vizuri, aje. Hilo neno lake la aje sikulipenda.

Usisubiri mwezi wa nane. Nyumba inaweza kusubiri, haina miguu, hata kama wewe umeiwekea.

Mama yako,
Lukresia


Dar es Salaam
11 Agosti 2024

Mama,

Shikamoo. Nimefika salama, na vijana wangu wawili niliokuja nao mazishini wamefika salama. Wanakushukuru kwa wale dagaa wa usipa. Je, unalala? Shangazi bado yuko na wewe?

Haya ninayoandika nilitakiwa kukuambia nikiwa hapo, nikashindwa. Ulikuwa unanisifu kwa wageni, na kila uliponisifu nikazidi kushindwa.

Ile ya Juni niliipata. Nikasema namaliza wiki hii, halafu wiki nyingine, nije pamoja na nyumba, niingie kwa kishindo. Ndipo ukaja ule ujumbe wako wa Jumatatu, kwa simu ya Othmar. "Baba yako amezidiwa. Njoo." Nikampigia Othmar, nikamwomba niongee na baba. Akasema, "Amelala, kaka. Wewe njoo tu." Amelala. Nikakata simu. Vijana wakaniuliza kuna nini, nikawaambia baba yangu amefariki.

Nilijua, mama. Kwa uhakika kama ninavyolijua jina langu. Sasa mtu aliyekwisha kufariki hakimbiliwi, anaandaliwa. Kwa hiyo sikupanda basi la Jumanne. Nilisema sitamzika baba kwenye jeneza la kununua. Nikachukua mbao za ndani ya namba saba, zile za kitanda kinachogeuka meza, nikazipiga randa mimi mwenyewe. Nilifanya kazi nalia, vijana wakinibembeleza. Jumatano ilikuwa ya vanishi. Tulipanda basi Alhamisi asubuhi, jeneza likiwa chini kwenye mizigo.

Tulipofika Songea jioni Othmar akapiga. Akasema, "Kaka, pole, mzee ametutoka leo alfajiri." Nikamwambia rudia. Akarudia. Leo.

Wewe ulidhani jeneza nililipata Songea baada ya simu hiyo. Uliwaambia watu, "Mnaona mwanangu alivyo mwepesi, hata saa chache zimemtosha." Nikanyamaza. Mama, wakati napiga randa zile mbao baba alikuwa hai. Alikuwa amelala kweli, kama Othmar alivyosema. Ulikuwa umeniandikia ukweli mtupu, na mimi niliusoma kama tunavyousoma siku zote.

Niambie kitu kimoja tu. Aliniulizia?

Namba saba inakuja. Lori nimepata. Nimetoboa sakafu yake kwenye kona nne, nondo zipite zije ndani, nizikunje kwa mkono wangu. Nimeziondoa boliti. Nimelitafuta sana lile swali lake, na hilo ndilo jibu nililonalo.

Mwanao,
Tadei


Mpepai, Mbinga
20 Agosti 2024

Mwanangu Tadei,

Salama? Mimi mzima. Nalala, siyo usiku wote, lakini nalala. Shangazi yako amerudi Liparamba, atakuja tena. Kahawa tumechuma, Hedwiga amenisaidia siku zote bila kuitwa, na hajasema neno hata moja la kuudhi, mpaka nimeanza kumwonea huruma.

Barua yako niliposoma pale pa mbao niliikunja nikaiweka, nikaenda kuchambua maharage. Nikachambua mpaka giza likaingia na yalikuwa yameshachambuliwa. Hedwiga akauliza mtoto anasemaje. Nikasema anasalimia. Sikuongeza kitu. Akaniangalia kama anaangalia mgonjwa, maana lini Tadei aliwahi kusalimia tu.

Sitakudanganya kwamba haikuniuma. Imeniuma. Lakini nisikilize. Jumatatu ile nilisimama dukani na simu ya Othmar mkononi, nikatafuta neno la kukuita. Nikataka kuandika ni mgonjwa kweli, yu hai, kimbia. Nikakumbuka hivyo hivyo tulimwandikia mdogo wangu kule Lipingo mama alipofariki, yu hai, kimbia. Maneno yote yalikuwa yameshatumika, Tadei. Tumeyatumia kwa waliokufa, kwa kuwahurumia walio hai, hayakubaki hata ya kumwitia mtu mmoja aliye hai. Nikaandika lile, nikajipa moyo kwamba wewe umesoma, utajua tofauti. Hakuna mahali wanapofundisha tofauti hiyo.

Umeuliza kama alikuulizia. Jumanne alitaka nimtoe nje, nikamkalisha kwenye msingi na mablanketi. Kila gari likilia kule bondeni anauliza, "Ni yeye?" Ninamwambia yuko njiani. Jumatano hakuweza kutoka, akasikia lori la kahawa, akauliza tena. Nikamwambia yuko njiani, lori lina mzigo, nyumba ni nzito. Akatabasamu. Akasema, "Kikapu gani kizito?" Halafu akaniuliza kama nondo zimepata kutu. Nikaenda na tochi kuziangalia, nikarudi nikamwambia hazijapata. Alfajiri akaondoka.

Mimi nilipomwambia uko njiani niliamini. Yeye aliamini. Alikufa anajua mwanawe yuko njiani na nyumba. Wewe ulikuwa unamtengenezea mahali pa kulala, ndiyo, siyo pale alipopataka. Hayo mengine sijui tuyaweke wapi, tutayabeba. Lakini usiyabebe peke yako kule kwenye joto.

Kuhusu jeneza, nilijisifu na sitayarudisha maneno. Hapa Mpepai halijapita jeneza kama lile. Hukumpima, na lilimtosha kama vile alisimama mbele yako wakati unalikata. Watu wanajua uliharakisha, waache wajue hivyo. Mimi na wewe tunajua.

Na kuanzia leo tuwe na lugha yetu. Mimi nikikuandikia mzima, ni mzima. Nikikuandikia ninaumwa, ninaumwa, uje na machungwa. Na nikifa, Othmar nimemwagiza akuambie kwa neno lake, mama yako amekufa. Alikataa, akasema hawezi kumwambia mtu hivyo kwenye simu. Nimemwapisha.

Msingi haujaguswa. Kahawa nimeanika chini kwenye mikeka, kama alivyotaka. Kaburi liko hatua chache tu kutoka upande ambao umesema mlango utaangalia, kwa hiyo nikifungua asubuhi nitamwona kabla sijanawa uso. Nimeamua nitalala mimi humo. Kitanda umekitumia, nitaweka cha kamba, usijisumbue. Watu wakiniuliza nimehamia nyumba gani, nitawaambia nyumba ndogo, na acheke atakayecheka.

Padri amekubali kuja kusoma misa ya arubaini hapa hapa uani, na kuibariki nyumba. Ndugu zangu wa Lipingo wanapanda na samaki wa ziwani, usipa na mbufu. Shangazi yako na watu wa Liparamba watakuja. Kwaya imethibitisha. Mafundi wa Mbinga wanakuja na pima maji zao, wanataka kuona nondo zinavyoingia. Hedwiga anapika wali, amesema mwenyewe. Wewe utangulie na lori, mlale hapa, kikapu cha baba yako kiwe kimekaa mahali pake kabla wageni hawajaingia. Nimewatangazia wote kanisani, safari hii hawakucheka. Wageni tunawangoja Jumamosi, tarehe saba Septemba.

Mama yako, mzima,
Lukresia